Jua ndani ya uzi: wazo lililoshindwa na taa mara tatu

Chini ya Mtaa wa Delancey, katika kisiwa cha Manhattan jijini New York, kuna kituo cha tramu kilichofunguliwa mwaka 1908 na kufungwa mwaka 1948. Kikakaa gizani zaidi ya miaka sitini, hadi mwaka 2011 msanifu majengo James Ramsey na mwenzake Dan Barasch walipotangaza kwamba wanataka kukigeuza bustani ya umma yenye mimea hai, itakayoishi kwa jua litakaloteremshwa kutoka juu ya barabara kwa madishi na nyuzi za kioo. Mradi ukaitwa Lowline. Oktoba 2015 ikafunguliwa maabara ya maonyesho jirani na hapo, watu wakamiminika kutazama mananasi na stroberi zikistawi ndani ya jengo, ingawa kufikia hapo mitambo ilikuwa ya vioo na mabomba zaidi kuliko nyuzi. Mwaka 2016 jiji likatoa idhini yenye masharti. Mwaka 2020 mradi ukasimama kwa kukosa fedha.

Tangu hapo Lowline hutajwa kama ndoto ya watu wenye nafasi, na wazo lenyewe la kuingiza jua ndani ya nyumba kwa nyuzi limehukumiwa pamoja nayo. Hukumu hiyo imetolewa haraka mno. Anayefuatilia historia ya wazo hili tangu karne ya 19 ataona kwamba fizikia haijawahi kulikataa. Limeshindwa mara tatu, na kila mara aliyelishinda ni taa ya umeme iliyokuwa imetoka kushuka bei au kuboreshwa wakati huohuo. Kila mara pia waliopiga hesabu walipima kitu kimoja tu, gharama ya kuwasha taa, wakayaacha mengine yote nje ya daftari. Tena kuna jambo lisilosemwa sana: nyuzi hizi, ambazo Mtanzania anazijua kama mkongo na Mkenya kama faiba, zimezoeleka kuwa mali ya simu na intaneti, ilhali mwanga wa kwanza kupindishwa namna hiyo mbele ya hadhara ulikuwa wa jua.

Kitabu kinachotegemewa zaidi katika historia hii ni City of Light cha mwandishi wa sayansi Mmarekani Jeff Hecht, kilichotoka mwaka 1999. Hecht ndiye aliyefukua upya kisa cha Daniel Colladon wa Geneva na kuonyesha jinsi sifa yake ilivyokwenda kwa mwingine. Colladon, aliyezaliwa mwaka 1802, hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1826 alipima mwendo wa sauti ndani ya maji ya Ziwa Geneva, na mwaka uliofuata yeye na mwanahisabati Charles Sturm wakapewa tuzo kuu na Akademia ya Sayansi ya Paris kwa utafiti wao juu ya vimiminika. Mwaka 1841 alikuwa akitoa mihadhara kuhusu michirizi ya maji inayofyatuka kutoka tundu la tangi, akakutana na shida ya kawaida kabisa ya mwalimu: watu waliokaa nyuma hawakuona kitu. Akaivuta miale ya jua kwa bomba kupita ukumbini, akaikusanya kwa lenzi na kuielekeza ndani ya tangi, sambamba na tundu. Ukumbi ukiwa giza, mchirizi ukawaka. Mwanga uliingia ndani ya maji, ukagonga mpaka kati ya maji na hewa kwa pembe ndogo mno kiasi cha kushindwa kutoka, ukarudishwa ndani, ukagonga tena na kurudishwa tena, ukapinda pamoja na maji hadi pale yalipotua na kutawanyika. Mwaka 1842 Colladon alichapisha maelezo ya jaribio hilo katika taarifa za Akademia ya Paris, na Mfaransa Jacques Babinet akajibu kwamba jambo hilohilo hutokea ndani ya fimbo ya kioo iliyopindwa, akaongeza kwamba pengine lingefaa kumulika ndani ya kinywa cha mtu.

Kilichofuata ni ugomvi ambao upande mmoja haukujua kwamba upo. Mwaka 1854, mjini London, John Tyndall aliuonyesha mchirizi kama huo katika Royal Institution, kwa ushauri wa Michael Faraday. Tyndall hakudai kwamba amegundua kitu kipya, lakini pia hakumtaja aliyetangulia. Alikuwa msemaji hodari, vitabu vyake vya sayansi kwa watu wa kawaida vilisomwa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, na mwaka 1870 alilieleza tena jambo hilo kwa maandishi. Karne iliyofuata, wahandisi wa nyuzi walipotafuta babu wa taaluma yao, walimkuta Tyndall rafuni wakatosheka. Vitabu vingi vya kiada vikaweka mwaka 1870 kuwa mwanzo wa yote, karibu miaka thelathini baada ya Geneva. Wakati huo wote jaribio la Colladon lilikuwa likiishi maisha ya sarakasi. Auguste de la Rive, mwanafizikia mwenzake wa Geneva, alilirudia kwa taa ya tao la umeme ili asilitegemee jua. Jumba la Opera la Paris likalichukua kwa ajili ya jukwaa. Katika maonyesho ya London ya mwaka 1884, kisha maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, chemchemi za mapambo zenye maji yanayowaka rangi zikawa kivutio cha maelfu ya watu, zikimulikwa kwa umeme kutoka chini. Colladon, akiwa na zaidi ya miaka 80, aliandika mwaka huohuo wa 1884 katika jarida la La Nature kukumbusha ni nani aliyeanza. Alikuwa na haki, na hakusikilizwa.

Mtu anaweza kuuliza, yafaa nini kugombania jina la marehemu? Hecht analishughulikia suala hili kama la haki ya mgunduzi, na hapo yuko sahihi. Lakini kuna hasara nyingine asiyoitilia mkazo. Jina la Colladon lilipofutika, jua nalo lilifutika. Ukianza hadithi kwa mihadhara ya Tyndall na chemchemi za umeme, unapata hadithi ya taa iliyotafuta njia ya kupita, na kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye leza na simu. Ukianza na Geneva unapata hadithi nyingine: mwanga uliopo bure nje, na ukumbi wa giza unaouhitaji. Kitabu cha Hecht chenyewe, kwa ubora wake wote, kurasa zake nyingi ni za mawasiliano.

Wa kwanza kuufanya mwanga unaosafirishwa kuwa huduma ya nyumbani alikuwa William Wheeler, mhandisi wa maji kutoka Concord, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1876 alikwenda Japani na William Clark kuanzisha Chuo cha Kilimo cha Sapporo, akawa mkuu wa chuo baada ya Clark kuondoka, na jengo la saa la Sapporo linalopigwa picha na watalii hadi leo lilitokana na mpango wake. Aliporudi kwao aliomba hataza ya mfumo wa kuangazia nyumba, nayo ikatolewa tarehe 20 Septemba 1881. Mawazo ni ya fundi wa maji hasa. Taa moja kali ya tao la umeme inakaa chini ya nyumba, mabomba yaliyopakwa ndani kwa kitu kinachoakisi yanapanda na kugawanyika matawi, na kila chumba kinapata mdomo wake wa kutawanya mwanga. Wheeler alikuwa na sababu nzuri: taa za tao zilikuwa kali mno kuweka sebuleni, hivyo ilifaa kuiweka moja mbali na kugawa mwanga wake. Lakini mwishoni mwa 1879 Thomas Edison alikuwa ameonyesha balbu yake, na Septemba 1882 kituo chake cha umeme cha Pearl Street kikaanza kuuza umeme New York. Balbu ndogo ya kila chumba iliondoa haja ya kugawa mwanga, kwa kuwa umeme wenyewe uligawanyika kirahisi zaidi. Mabomba ya Wheeler, ambayo yangepoteza mwanga mwingi njiani hata yangejengwa kwa ustadi, hayakuenea popote, naye akageukia biashara ya viakisi vya taa za barabarani. Hapo ndipo wazo la kusafirisha mwanga hadi vyumbani, hata kabla ya kulifikia jua, liliposhindwa na taa kwa mara ya kwanza.

Hatua zilizofuata zinajulikana, na hazihusu jua. Mwaka 1930 mwanafunzi wa udaktari Heinrich Lamm, mjini Munich, alipitisha taswira kwenye fungu la nyuzi. Mwaka 1954 Abraham van Heel, na Harold Hopkins pamoja na Narinder Kapany, walichapisha matokeo yao kuhusu mafungu ya nyuzi. Mwaka 1956 Lawrence Curtiss wa Michigan akauvika uzi wa kioo gamba la kioo kingine ili mwanga usivuje. Mwaka 1966 Charles Kao akaeleza kwamba kioo safi kingeweza kubeba simu, mwaka 1970 kampuni ya Corning ikakitengeneza, na Kao akapata Nobeli mwaka 2009, mwaka uleule nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilipotua Mombasa na Dar es Salaam. Mwanga unaopita katika nyaya hizo hauonekani kwa jicho. Ni wa infraredi, na nusu yake hubaki hata baada ya kilomita kumi na tano.

Jua lilirudi kupitia Tokyo, na halikurudi kwa bahati. Miaka ya 1960 na 1970 maghorofa ya miji ya Japani yalikuwa yakipanda kwa kasi, na watu wa nyumba za chini wakaenda mahakamani kudai jua lao. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali kwamba aliyezuiliwa jua kupita kiasi anastahili fidia, na mwaka 1976 sheria ya ujenzi ikarekebishwa kuweka kikomo cha saa za kivuli ambazo jengo linaweza kumtupia jirani. Ni katika hali hiyo ambapo Kei Mori, profesa wa Chuo Kikuu cha Keio, alibuni mtambo alioupa jina la alizeti kwa Kijapani, Himawari. Kuna kejeli kidogo hapa: baba yake, Taikichiro Mori, ndiye mwanzilishi wa Mori Building, kampuni iliyosimamisha maghorofa mengi katikati ya Tokyo. Baba alijenga vivuli, mwana akatafuta namna ya kuvipenyeza mwanga.

Himawari inastahili kuelezwa kwa kituo, maana ndani yake mna ujanja ambao wahandisi wengi waliofuata hawakuupita. Ni kuba la plastiki angavu lenye lenzi bapa za pembe sita zilizopangwa kama sega la nyuki, linalogeuka kutwa likifuata jua kwa kihisio, na kwa mtambo wa saa pale wingu linapopita. Kila lenzi inakusanya mwanga kwenye ncha ya uzi mmoja mwembamba. Lenzi ya kawaida ina kasoro: haizikusanyi rangi zote mahali pamoja. Urujuanimno hukusanyika karibu zaidi na lenzi, mionzi ya joto mbali zaidi, na mwanga unaoonekana katikati. Mpiga picha huichukia kasoro hiyo. Mori aliitumia kama chujio kwa kuiweka ncha ya uzi pale pale unapokusanyika mwanga unaoonekana, na mionzi inayobabua ngozi na inayopasha joto ikamwagika pembeni. Mwanga uliofika ndani ulikuwa wa jua, lakini baridi. Mitambo hiyo iliwekwa katika majengo ya Japani, na watafiti wa Marekani wakaijaribu kwa ajili ya kuoteshea mimea katika safari za anga. Haikuenea zaidi ya hapo. Mtambo unaogeuka, lenzi nyingi na nyuzi za kioo safi ni ghali, na mshindani wake ofisini alikuwa tubulaiti, taa iliyokwisha kuwa ya bei ndogo na inayotumia umeme kidogo kuliko balbu. Mori alifariki mwaka 1990. Wazo likawa limeshindwa kwa mara ya pili.

Mara ya tatu ni ya Oak Ridge, Tennessee, ambako maabara ya taifa ya Marekani ilianza kulishughulikia suala hili miaka ya 1990 chini ya Jeff Muhs. Waliweka dishi moja la kioo lenye kipenyo cha takribani mita 1.2 badala ya lenzi nyingi, na fungu la nyuzi 127 za plastiki, kila moja ya milimita 3, wakaziunganisha na taa za umeme ndani ya kifaa kimoja: jua likiwa kali taa inajipunguza yenyewe, wingu likija inajiongeza. Majaribio yakafanywa katika majengo kadhaa ya umma na ya biashara. Kisha zikaja taa za LED, zikashuka bei mwaka hadi mwaka, na mradi ukazimika polepole. Wakati huohuo kampuni ya Parans ya Göteborg, nchini Sweden, ilianza kuuza mitambo ya aina hii kwa wateja wa kaskazini wanaojua majira ya baridi yasiyo na jua.

Pingamizi kubwa la leo linastahili kujibiwa kwa hesabu. Wanasema: weka paneli ya sola juu ya paa, vuta waya, washa LED, mambo yamekwisha. Tuchukue mita moja ya mraba chini ya jua kali la saa sita. Hapo panaanguka karibu lumeni 100,000 za mwanga. Paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 ya nguvu ya jua hilo kuwa umeme, yaani wati 200, na LED nzuri inayotoa lumeni 150 kwa wati itakurudishia lumeni 30,000. Mfumo wa nyuzi unaofikisha nusu tu ya ulichokusanya utakupa 50,000. Nyuzi bado zinaongoza. Ila katika siku za Muhs, paneli ya asilimia 15 na tubulaiti ya lumeni 80 kwa wati zingekupa 12,000 tu, kwa hiyo uongozi uliokuwa zaidi ya mara nne sasa haufiki mara mbili. Ndiyo maana nasema taa ilishinda mbio, jua halikupungua. Zaidi ya hayo, paneli inafanya kazi hata mawingu yakitanda, wakati dishi na lenzi vinahitaji miale ya moja kwa moja; paneli haihitaji mota ya kuigeuza; na umeme unawekwa kwenye betri ukasubiri usiku. Kwa nyumba ya chini yenye paa lake, mtetezi wa nyuzi hana hoja, na afadhali akubali mapema. Huko hata chupa ya maji iliyochomekwa kwenye bati, ile aliyoibuni fundi Mbrazili Alfredo Moser mwaka 2002, inatosha mchana.

Hesabu inageuka unapofika kwenye jengo refu. Paa ni lile moja, sakafu ni kumi, na watu wamejaa katikati ambako dirisha halifiki. Hapo kinachohesabiwa ni lumeni ngapi zinapatikana kwa kila mita ya paa, na nyuzi ndizo zinazoshinda. Tazama maghorofa mapya ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au majengo ya katikati ya Nairobi yaliyokatwakatwa vibanda vya maduka: nje jua la karibu na ikweta linaunguza lami, ndani kila fremu imewasha taa zake saa saba mchana, na joto la taa hizo linaongezwa kwenye joto la watu. Mwanga wa jua uliochujwa infraredi unatoa kama lumeni 200 kwa kila wati ya nguvu inayoingia chumbani, kwa hiyo unapasha joto kidogo kuliko taa nyingi zilizoko madukani. Anayelipia feni na kiyoyozi anapaswa kuiona faida hiyo kwenye bili yake, lakini katika ulinganisho wa kawaida wa bei za taa haionekani popote.

Kuna wanaodai zaidi ya hapo, kwamba mwanga huu ni dawa. Hapa mtetezi ajizuie. Ni kweli kwamba mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walionyesha kuwa jicho lina seli za kupokea mwanga ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia mwili saa ngapi, na kwamba mchana wa ofisini ni hafifu mno ukilinganishwa na wa nje. Lakini jua lililopita kwenye nyuzi si lilelile la uwanjani. Urujuanimno umeondolewa, kwa hiyo halitengenezi vitamini D. Nyuzi za plastiki hula wekundu kuliko rangi nyingine, na kwenye umbali mrefu mwanga hutoka na ukijani kidogo. Baada ya mita ishirini hivi nusu yake imepotea. Sifa yake halisi ni nyingine, nayo inatosha: hubadilika pamoja na anga, hung'aa na kufifia wingu linapopita, na hauzimiki TANESCO au Kenya Power inapokata umeme saa nne asubuhi.

Linabaki suala la gharama ya kuanza, na hili halijibiki kwa maneno matamu. Lazima ununue mifumo miwili, wa jua na wa taa, kwa sababu usiku upo. Wa Oak Ridge waliliona, ndiyo maana waliunganisha vyote viwili. Lakini sehemu kubwa ya gharama hiyo kwenye jengo lililokwisha simama ni kupitisha nyuzi: kutoboa sakafu moja baada ya nyingine, kupasua kuta, kuwahamisha wapangaji. Kwenye jengo linalojengwa sehemu hiyo ni ndogo. Fungu zima la nyuzi za Oak Ridge lingepita kwenye tundu lisilozidi sentimita tano, na bomba la ukubwa huo tayari huachwa kwa ajili ya maji na nyaya kabla zege la kila sakafu halijamwagwa. Msanifu anayechora ghorofa la maduka leo anaweza kuacha bomba moja tupu la ziada kutoka paani hadi chini, kwa bei ya mabomba machache ya plastiki, na kumwachia mwenye jengo aamue baadaye kama atapitisha nyuzi za jua humo au nyaya za paneli.